Kisanduku cha chaneli elfu: kabla hujanunua, na kabla hujauza

Pengine umeshaambiwa habari hii. Uko Matonge, pale Chaussée de Wavre, unangoja zamu yako ya kusukwa nywele, au mnatoka ibadani Jumapili, na ndugu mmoja anakuambia: "Kwa nini unalipia televisheni? Mimi nina kisanduku. Filamu zote, mpira wote, Bongo, Naijeria, Kihindi. Unalipa mara moja kwa mwaka, basi." Bei anayotaja ni ndogo mno. Nje mvua inanyesha, watoto wamekaa ndani, na chaneli za hapa bado huzielewi. Unaona Mungu amekuletea msaada.

Hatuandiki makala hii kumlaumu mtu. Wengi wetu tumekulia kwenye filamu za kunakiliwa. Kambini, Kigoma, Kampala au Goma, ulilipa senti kidogo ukaingia kwenye kibanda cha video, ukakaa kwenye benchi, jenereta likinguruma nje, na mtu akakusimulia filamu ya Kichina au ya Kimarekani kwa lugha unayoijua. Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao. Nyingi ya filamu hizo zilioneshwa bila ruhusa ya mwenyewe, na hakukuwa na duka la diski halali ambalo ungeweza kwenda badala yake. Lakini hapa Ubelgiji mambo ni mengine, na tumeona familia zikiumia kwa kutojua.

Tuanze na sheria. Tarehe 26 Aprili 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ilitoa hukumu katika kesi ya mfanyabiashara wa Uholanzi aliyeuza visanduku vya namna hii, vikiwa vimeshawekewa njia za kufikia filamu za wizi kwenye intaneti. Mwenyewe hakuwa na filamu hata moja. Aliuza chombo tu. Mahakama ilisema kuuza chombo hicho ni sawa na kuisambaza filamu bila ruhusa. Ikaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: anayetazama kwa hiari yake, huku akijua kuwa filamu hiyo haina ruhusa, naye anavunja hakimiliki. Hukumu hiyo inaihusu Ubelgiji pia. Kwa kweli polisi hawapiti mlango kwa mlango kukagua televisheni za watu. Wanaotafutwa zaidi ni wauzaji. Ndiyo maana sehemu inayofuata ni muhimu kuliko zote, hasa kama una kijana nyumbani.

Biashara hii hukua hivi. Mwenye mtambo mkubwa yuko mbali, pengine nchi nyingine, na jina lake hulijui. Anatafuta mtu anayeaminiwa na jamii: kijana mchangamfu, mwimbaji wa kwaya, baba anayejuana na kila mtu. Anamwambia, "Niletee wateja kumi, chako kitakuwa bure. Ukileta zaidi, utapata kamisheni." Fedha za wateja zinapita kwenye akaunti ya benki ya kijana huyo, na simu inayopokea maagizo ni yake. Siku mambo yakiharibika, mwenye mtambo anabadilisha namba na kutoweka. Anayebaki na anwani inayojulikana, jina lililoandikwa komini na orodha ya malipo benki, ni yule kijana.

Kusambaza kazi za watu kwa nia ya kujipatia fedha ni kosa la jinai hapa, lenye faini na hata kifungo. Kwa mtu aliyekuja na karatasi za ukimbizi, madhara hayaishii hapo. Ukiomba uraia, mwendesha mashtaka hulitazama faili lako na anaweza kulipinga kwa makosa aliyoyaona. Na kama familia inapata msaada wa CPAS, kila kipato lazima kitajwe, hata kiwe kidogo. Kamisheni ya visanduku isiyotajwa inaweza kuwafanya mdaiwe fedha mlizokwisha kuzila. Kijana anayeuza kwa sababu "kila mtu anauza" hajui hayo, na anayemtuma hana sababu ya kumwambia.

Mnunuzi naye ana hasara zake. Hakuna mkataba wala risiti, kwa hiyo hakuna pa kudai. Mwezi Novemba 2024 polisi wa nchi kadhaa za Ulaya, wakiongozwa na Italia na kusaidiwa na Europol, waliuvunja mtandao mmoja uliokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 22. Skrini zao zilizimika, na waliokwisha kulipa hawakuwa na wa kumwendea. Hapa kwetu wizara ya uchumi ya shirikisho ina kitengo chake: mahakama ya biashara ya Brussels ikishatoa amri, kampuni za intaneti huagizwa kuzifunga tovuti za namna hiyo.

Halafu kuna kisanduku chenyewe. Mwaka 2023 wataalamu wa usalama wa kompyuta waligundua visanduku vya Android vya bei nafuu vilivyotoka huko vilikotengenezwa vikiwa tayari na programu mbaya ndani. Kikishaunganishwa na wifi ya nyumbani, kinaweza kuwapa wahalifu nafasi ya kuitumia intaneti yako kwa shughuli zao, huku anwani inayoonekana ni ya kwako. Kwenye wifi hiyohiyo ndipo unapofungulia itsme na benki yako.

Neno kwa wenye ndugu Ujerumani: ukienda kuwatembelea, usipakue filamu kwa torenti kwenye intaneti yao. Torenti hupakua na kusambaza kwa wakati mmoja, na kule mawakili wa kampuni za filamu wanayo mazoea ya kuandika barua za kudai mamia ya euro. Barua humfikia mwenye laini, yaani shemeji yako.

Kuna wanaosema, "Hollywood ni matajiri, watapungukiwa nini?" Tuseme hivyo. Lakini kwenye kisanduku hicho zimo pia kazi za watu wetu. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na wenzake, waliotoa filamu ya *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010, walikuwa wakitembeza diski mikononi, nyumba kwa nyumba, wawahi kuuza kabla nakala za wizi hazijajaa mtaani. Tanzania, mwaka 2013, serikali ilianza kubandika stempu za kodi kwenye diski za muziki na filamu ili diski halali ijulikane. Msambazaji akishindwa kuuza kwa sababu ya nakala za mtaani, humlipa mtayarishaji kidogo. Mtayarishaji naye humlipa mwigizaji kidogo zaidi, na filamu inayofuata inapigwa kwa siku chache, sauti mbovu. Kisha sisi tunalalamika kuwa Bongo Movie imeshuka kiwango.

Na hata hapa Ubelgiji tunaye mtu. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, alitoa filamu yake *Augure* mwaka 2023, ikapata tuzo Cannes. Ndani yake utasikia Kiswahili. Filamu kama hiyo hutafutiwa fedha kwa miaka, na inapotoka kila tiketi huhesabiwa.

Je, utazame nini basi? Tukubali kwamba kupata filamu za Kiswahili kihalali ukiwa Ulaya bado ni kazi. Watayarishaji wengi wa Tanzania na Kenya huweka filamu zao wenyewe YouTube. Angalia kama ukurasa ni wa mwenye kazi, kwa sababu ukitazama hapo anapata chochote. RTBF ina programu ya Auvio, bure ukijiandikisha, na watoto wakitazama katuni huko Kifaransa chao kinakua bila wao kujua. VRT MAX ni hivyohivyo kwa Kiholanzi. DVD halisi ya mtumba kutoka soko la Place du Jeu de Balle si kosa kabisa. Diski iliyoandikwa kwa kalamu ndiyo yenye shida. Na kama mko CPAS au kipato chenu ni kidogo, muulizeni mhudumu wenu wa jamii kuhusu tiketi za Article 27: unaingia sinema kwa euro 1.25. Familia ya watu watano inatumia chini ya euro saba kwa jioni nzima.

Kama kisanduku kiko nyumbani tayari, kichomoe kwenye wifi, ubadilishe neno la siri la wifi na la barua pepe, na usimpe jirani wala kumuuzia. Ikiwa uliandika namba za kadi yako ya benki ndani yake, ipigie benki leo, usingoje kesho. Ukiogopa kukigusa mwenyewe, kilete ofisini siku ya msaada wa kompyuta. Hatutakuuliza ulikinunua kwa nani.