Figa la Tatu

Sogeeni hapa kivulini, wanangu. Mmoja wenu ameniuliza swali, na swali lenyewe ni hili:

"Mjomba, nimechoka na timu. Kocha ananiweka benchi kila Jumamosi. Ligi bado mechi tatu. Naweza kuacha?"

Swali zuri hilo! Wengi huacha bila kuuliza. Leo yuko mchangani Mbagala na wenzake, kesho haonekani. Wewe umeuliza. Hongera sana.

Ngoja tuliulize figa. Ndiyo, figa la jikoni. Si mmeona kwenye shughuli, pale Tandika au Mwananyamala, sufuria kubwa la pilau limekaa juu ya mafiga matatu? Basi siku moja figa la tatu lilisema, "Nimechoka. Moshi wote unakuja kwangu. Wanaosifiwa ni wapishi. Naondoka."

Likachomoka. Kikatokea nini?

"Sufuria likaanguka!"

Likaanguka. Pilau yote mchangani, na wageni wako njiani. Figa likashangaa: "Mbona mimi nilikuwa nimekaa tu?"

Na wewe wa benchi unajiona umekaa tu. Mwenzako akiteguka mguu dakika ya kumi, nani ataingia? Na yule beki wenu hodari, mazoezini amejifunza kukaba kwa kumkaba nani? Wewe. Umekaa, lakini umebeba.

"Kwa hiyo mtu haachi kamwe, Mjomba? Hata akiumia?"

Swali zuri tena! Sikiliza kisa cha kweli. Tarehe 20 Oktoba 1968 kulikuwa na marathoni ya Olimpiki katika Jiji la Mexico. Ni zaidi ya kilomita 42, tena katika mji ulio juu sana, pumzi haitoshi. Mtanzania mwenzetu, John Stephen Akhwari wa Mbulu, alianguka njiani akaumia goti. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshashinda zaidi ya saa moja kabla. Giza limeingia, Akhwari akaingia uwanjani akichechemea. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule ili aanze mbio, ilimtuma amalize.

Kisa hiki tunakipenda, na tuna haki ya kukipenda. Lakini watoto husimuliwa nusu tu, na jambo hilo huniuma. Katika mbio hizo hizo alikuwemo Abebe Bikila, Mwethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 1960 na tena 1964. Mguu wake ulikuwa na maumivu makali. Baada ya kilomita 17 hivi, akaacha.

"Alitoroka?"

Hakutoroka. Wolde alisimulia baadaye kwamba Bikila alimwambia kwanza: mimi simalizi, wewe ndiye utakayeshinda. Na Wolde akashinda!

"Kumbe aliaga!"

Aliaga, mwanangu. Mpishi akiambiwa mapema kwamba figa limepata ufa, ataipua sufuria, atafute jiwe jingine. Pilau itachelewa, lakini italiwa.

Sasa nakujibu. Kama ni uchovu wa benchi tu, nakuomba umalize hizo mechi tatu, halafu uwe huru kabisa, ukacheze kikapu au ukae nyumbani usome. Kama goti linauma, sema leo, usisubiri kipenga. Na kama kuna mtu mzima anakupiga au anakushika vibaya, hapo hakuna cha mechi tatu wala moja. Ondoka siku hiyo hiyo. Mwambie mama, mwambie baba, mwambie mwalimu unayemwamini, na asiyekusikia mwache, nenda kwa mwingine.

"Na kocha akikasirika nikiaga?"

Anaweza kukasirika. Mpe shikamoo yake, mwambie kabla ya Jumamosi ili apate wa kukaa nafasi yako, na jezi umrudishie ikiwa imefuliwa. Ukiona ulimi unakuwa mzito, mwombe kaka yako mkubwa akusindikize. Ila maneno uyaseme wewe.