Ndege Mdogo wa Taita Asiye na Kwingine

Ukipanda basi la kwenda Mombasa na ukaikaribia Voi, tupa macho upande wako wa kulia. Juu ya nyika ya Tsavo iliyokauka utaona milima ikisimama ghafla, vilele vyake vimejitanda ukungu. Hiyo ni milima ya Taita. Huko juu, katika vipande vya msitu ambavyo mtu huweza kuvizunguka kwa miguu, huishi ndege ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani.

Wataalamu humwita apalisi wa Taita. Ni ndege mdogo ajabu, urefu wake sentimita 11 hivi, na mkia wake ni mrefu. Mgongo wake ni wa kijivu kilichokolea, tumbo jeupe, na koo la dume ni jeusi. Mtaalamu wa Kiingereza Reginald Moreau, aliyefanya kazi miaka mingi Amani huko Tanganyika, ndiye aliyemweleza kitaalamu mwaka 1938. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa ni aina tu ya apalisi wengine wanaopatikana hadi Afrika Kusini, na labda ndiyo maana wengi hawakumjali.

Chakula chake ni wadudu. Hapendi vilele vya miti mikubwa. Yeye hupita chini, katika vichaka vilivyosongamana, akiruka tawi hadi tawi, akichungulia chini ya kila jani kutafuta viwavi na vidudu vinginevyo. Mara nyingi utamkuta na mwenzake, dume na jike. Hupenda sana sehemu ambapo mti mkubwa umeanguka, mwanga ukaingia na vichaka vichanga vikachipuka.

Je, mbona asihamie mlima mwingine? Hapo ndipo penye tatizo. Ndege huyu ni wa baridi na unyevu. Pepo kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima hii na kugeuka ukungu, nao msitu hunywa ukungu huo. Chini yake ni nyika, joto na vumbi. Kwa ndege wa gramu chache tu, nyika hiyo ni kama bahari. Hata kutoka Mbololo kuvuka bonde hadi milima ya Dawida ni safari kubwa kwake, na katikati ni mashamba.

Si kwamba Wataita hawakuujua msitu. Wazee walikuwa na fighi, misitu mitakatifu ambayo haikukatwa ovyo. Lakini ardhi ya milimani ina rutuba na mvua, watu wakaongezeka, na shamba la baba likagawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Mahindi na mboga vikapanda mlima. Serikali nayo ilipanda misonobari na mikaratusi katika baadhi ya sehemu, miti ambayo kwa jicho la abiria ni msitu, lakini chini yake apalisi hapati vile vichaka anavyovihitaji. Kati ya 1955 na 2004, karibu nusu ya msitu wa asili wa Taita ilitoweka.

Leo vimebaki vipande tu, kama Ngangao, Msidunyi na Vuria, kilele kirefu kuliko vyote chenye minara ya mawasiliano. Hesabu ya 2001 ilikadiria kwamba walibaki kati ya ndege 300 na 650. Watafiti waliporudi 2009 na 2010, walikuta wamepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Fikiria, msomaji: shule moja ya msingi ya Nairobi ina watoto wengi kuliko hao.

La kushangaza ni kwamba adui wake si shoka peke yake. Viota vyake hujengwa chini chini, na vingi huvamiwa na wanyama kabla makinda hayajaota manyoya. Ndege wengi wangestahimili hasara hiyo. Aliyebaki na kipande kimoja cha msitu hana akiba ya kutosha.

Hajabaki peke yake, lakini. Milima hiyohiyo ina kurumbiza wa Taita, na Mbololo kuna ua la porini, jamaa wa yale ya zambarau ambayo akina mama wa mjini huyapanda katika vyungu dirishani. Shirika la Nature Kenya na wenyeji wamekuwa wakipanda miti ya asili, na vipande vya ardhi vimenunuliwa kwa ajili ya apalisi.

Wanafunzi wanaotaka kumwona wapande gari Voi, wapitie Mwatate hadi Wundanyi, walale huko, na waingie Ngangao alfajiri wakiwa na mwenyeji na sweta. Kisha wasimame kimya kando ya kichaka. Kwa kawaida sauti yake husikika kwanza, na mkia wake huonekana baadaye.