Mama, Hesabu Pumzi za Mwanao

Homa ya mtoto mdogo tumeizoea mno. Mwili ukichemka usiku, tunasema, "Ni malaria tu," kisha tunatafuta vidonge vilivyobaki tangu mwezi uliopita. Homa inashuka. Baada ya wiki mbili inarudi, safari hii pamoja na kikohozi na kuhema.

Hapo pana hatari. Homa yenye kuhema huweza kuwa nimonia, ambayo wengi huiita kichomi, na dawa ya malaria haitibu nimonia. Pengine mtoto ana magonjwa yote mawili kwa pamoja. Kwa macho tu huwezi kuyatofautisha. Ndiyo maana apimwe damu na pia achunguzwe kifua.

Jinsi ya kuhesabu

Mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Tazama kifua au tumbo: kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima, ukitumia saa. Pumzi ni za haraka kupita kiasi zikifika:

– 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
– 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
– 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Ukipata hesabu hiyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Usingoje kukuche

Kimbia hospitali, hata kama ni usiku, ukiona sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani anapovuta pumzi, midomo inakuwa ya bluu, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa yoyote naye apelekwe mara moja. Baba akiwa safarini, mama asisubiri ruhusa.

Wazee wetu hushauri kwa upendo, lakini kumkata mtoto kimeo hakutibu kikohozi. Kunaleta damu nyingi na vijidudu. Usimfunike mablanketi mazito, wala usimpe aspirini. Endelea kumnyonyesha. Akiandikiwa dawa, amalize dozi yote hata akichangamka siku ya pili.

Ikirudi tena na tena

Mtoto anayeugua hivi mara kwa mara hahitaji dawa ya kutuliza tu, chanzo kitafutwe. Huenda ni pumu, kifua kikuu, selimundu, virusi vya UKIMWI au ugonjwa wa moyo. Wakati mwingine ni karanga au punje ya hindi iliyoingia katika njia ya hewa. Andika tarehe za kila homa na dawa alizopewa, na uende na kadi yake ya kliniki. Mweleze daktari waziwazi kwamba si mara ya kwanza.

Kinga iko mikononi mwetu

Mpe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Kamilisha chanjo, ile ya kukinga nimonia ilianza kutolewa Kenya mwaka 2011 na baadaye Tanzania. Alale ndani ya chandarua chenye dawa. Usipike ukiwa umembeba mgongoni katika jiko lenye moshi, na asivutiwe sigara karibu.

Wapo wanaodhani kwenda hospitali ni kupungukiwa imani. Tukumbuke kwamba Luka, mwandishi wa Injili, alikuwa tabibu. Tuombe, na huku tukiomba tushike njia ya kwenda zahanati. Vikundi vyetu vya akina mama kanisani vingeweza kutenga fedha kidogo kila mwezi kwa ajili ya nauli ya usiku, maana mara nyingi nauli ndiyo inayomchelewesha mama. Jumapili hii, baada ya ibada, mfundishe mwenzako kuhesabu pumzi.