Vitamini A na watoto wa surua wa Mvumi
Mzazi, mtoto akianza kujikwaa giza linapoingia, usiseme ni utundu. Huenda amepungukiwa vitamini A. McCollum na Davis waliigundua Marekani mwaka 1913, kwenye siagi na kiini cha yai. Ila nguvu yake dhidi ya surua ilipimwa hapa kwetu, hospitali ya Mvumi, Dodoma. Watoto 88 walipewa, wakafa 6. Watoto 92 hawakupewa, wakafa 12. Matokeo yalichapishwa 1987. Surua huchubua utando wa macho, mapafu na utumbo, na mwili huhitaji vitamini hii kuujenga upya. Hapa Temeke mchicha haukosekani gengeni. Utie mafuta kidogo. Bila mafuta, vitamini haiingii vizuri mwilini. Matone ya zahanati hutolewa kila miezi 6, hadi mtoto atimize miaka 5.