Ukungu Ulioingia Kwenye Gitaa

"Gitaa langu la umeme lilianguka mkesha wa Pasaka, likabanduka rangi na kupata shimo pembeni. Nililichuna lote, nikaliziba, nikalipiga msasa kwa wiki mbili, kisha nikampelekea fundi rangi wa magari alipulizie nyeusi, maana ndiyo niliyoimudu. Lilitoka liking'aa. Kabla sijamaliza kumlipa likawa jeupe kama limenyunyiziwa unga. Fundi anasema limepata ukungu. Je, kazi yote imepotea?"

Barua imetoka kwa mpiga gitaa wa kwaya mjini Iringa. Mdogo wangu, kazi haijapotea, na fundi wako amesema jambo la kweli kuliko mwenyewe anavyodhani.

Namna sumaku na koili zinavyogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme naiacha leo. Tosheka na hili: gitaa lako halina tumbo la kuvumisha sauti, kwa hiyo rangi ni ya macho na ya kuilinda mbao. Kuhusu msasa pia nakuona hodari: anza na namba 120, nenda 240, malizia 400. (Karatasi hiyo imerithi jina la mti, msasa, ambao majani yake hukwaruza kiasi cha kulainisha mbao.) Wala usione haya kupaka gitaa rangi ya gari. Watengenezaji gitaa wa Fender, Marekani, katika miaka ya 1950 na 1960, walitumia rangi za DuPont zilizotengenezwa kwa ajili ya magari. Wekundu wao maarufu, Fiesta Red, ulikuwa wa Ford Thunderbird ya 1956.

Sasa tuje kwenye huo weupe, ambao mimi naupenda kupita kiasi.

Rangi kama hiyo, laka ya kupulizia, ni gamu ngumu iliyoyeyushwa ndani ya thina. Thina ikiruka, gamu inabaki. Lakini thina hairuki bure, huondoka na joto. Unalijua hilo tangu utotoni: nesi akikupaka spiriti kabla ya sindano, ngozi inapata baridi, ingawa spiriti ilikuwa na joto lilelile la chumba. Baridi hiyo inatoka wapi?

Fikiria ukumbi wa dansi hapo hapo Iringa, miaka ya 1980. Jukwaani ni Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi, na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa wanaimba. Wachezaji ndio chembe za thina. Mlango uko wazi, ila kuufikia lazima upande ngazi ndefu. Nani atatoka? Hatoki anayeburuza miguu pembeni, anatoka yule anayerukaruka, mwenye nguvu za kuzipanda ngazi. Akitoka yeye, anafuata mwingine wa aina yake. Baada ya muda ukiutazama ukumbi utasema watu wamepoa, na kweli wamepoa, ingawa hakuna hata mmoja aliyefanywa achoke. Wachangamfu wameondoka, basi. Joto ni huo uchangamfu wa wastani wa chembe, na rangi mbichi hupoa kwa sababu inapoteza wachezaji wake bora.

Nje ya ukumbi, gizani, kuna kundi jingine linalorandaranda: mvuke wa maji. Ukumbi ukiwa na moto, wakijaribu kuingia hupigwa vikumbo na kurudishwa nje. Ukipoa, wanaingia, wanakuta viti vitupu, wanakaa. Halafu gamu inaganda, milango inafungwa, nao wamo ndani.

Huku kwetu ngazi za ukumbi zina msongamano mdogo. Mbeya ninakoishi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, Iringa chini yake kidogo, na hewa inatukandamiza kwa takriban sehemu nne kati ya tano tu za uzito wake wa pwani. Ndiyo maana maji Mbeya huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Thina nayo huruka kwa haraka zaidi kuliko Dar es Salaam, na inayoruka haraka hupoza zaidi.

Kuna joto maalumu ambalo hewa ikishuka chini yake lazima iachie maji. Nimeona likiitwa "nukta ya umande", na jina hilo linanikera. Nukta ni doa la wino. "Kiwango cha umande" nalo linanifanya niulize: umande wa lita ngapi? Mimi nasema kizingiti cha umande. Kizingiti unakivuka, na ukishakivuka umo ndani, huna hoja ya kujadili. Siku ya mvua za Aprili, hewa ikiwa nyuzi 18 na unyevu asilimia 80, kizingiti kiko nyuzi 14.5. Rangi yako ilihitaji kupoa nyuzi tatu na nusu tu. Unyevu ukishuka hadi asilimia 60, kizingiti kinateremka mpaka nyuzi 10, na hapo una nafasi.

Na kwa nini weupe, wakati maji hayana rangi? Kwa sababu ileile inayofanya chumvi iwe nyeupe, ingawa punje moja ukiishika kwenye mwanga ni angavu kama kioo. Kila mpaka kati ya kitu na kitu huurudisha mwanga kidogo. Matone madogo maelfu kwa maelfu ni mipaka isiyohesabika, na mwanga unarudi wote umechanganyika. Ukungu unaofunika mashamba ya chai ya Mufindi ni mweupe kwa sababu hiyohiyo. Ulioko kwenye gitaa lako ni ukungu kweli, tone kwa tone.

Tiba yake ni rahisi. Usilichune. Nunua robo lita ya thina inayokauka taratibu, ipulizwe peke yake, nyembamba kama pumzi, siku kavu. Laka itafunguka, maji yatatoka, weusi utarudi. (Kama fundi alichanganya hadina, laka haifunguki tena, hapo ni msasa.) Vaa barakoa, na moto ukae mbali.

Kabla ya hapo, pima kizingiti. Tia maji kwenye kikombe cha bati, weka kipimajoto, dondosha barafu kipande kimoja kimoja ukikoroga. Tazama ubavu wa kikombe kwa nje. Mng'ao utafifia ghafla, na kidole ukikipitisha kitaacha mstari. Soma nyuzi hapo hapo. Huwa nafanya hivi jikoni kwangu Mbeya hata nisipokuwa na cha kupaka, kwa raha ya kuuona mstari ule.

Usipulizie asubuhi. Lianike gitaa juani nusu saa ili mbao ipate joto, subiri saa saba mchana, na kikombe kikikaa kikavu mpaka nyuzi nane chini ya joto la hewa, mwambie fundi aanze.