Mmea Usio na Jina

Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa maneno, nami nilidhani kwamba neno likikosekana katika lugha, hilo ni pengo la kujazwa tu. Mmea mmoja unaotambaa umenisahihisha.

Niliukuta umeparamia seng'enge ya ua wangu hapa Lodwar. Majani yake mazito yenye kung'aa yameota mawili mawili. Maua yake ni ya zambarau hafifu, umbo la tarumbeta. Katika mji ambao kivuli ni mali, niliuona kuwa neema. Nikakata vipande sita nimpelekee rafiki yangu aishiye Kakuma.

Kabla ya safari nilimwuliza mama jirani, mfugaji wa mbuzi, jina la mmea huo kwa Kiturkana. Mama huyu aijua ewoi, esekon, edome na edapal kama awajuavyo wanawe, na kila jina kwake lina habari zake: nani hula tunda, msimu gani, na kama ni lazima lichemshwe kwanza. Alivunja kikonyo, akautazama utomvu mweupe, akakitupa.

"Mwalimu, huu hauna jina. Mbuzi wangu huupita."

Nilikausha tawi lenye ua na ganda baina ya magazeti, nikalipeleka kwa wataalamu wa mimea katika Makavazi ya Taifa, Nairobi. Ni Cryptostegia grandiflora, mzaliwa wa Madagaska, uliosambazwa ulimwenguni kama pambo. Huko Queensland, Australia, umefunika miti ya kandokando ya mito. Utomvu wake una sumu idhuruyo moyo, na huua mifugo. Maganda hukaa mawili mawili yakielekeana kama pembe, na kila mbegu ina kishungi cha nyuzi laini kiupeperushacho. Hebu fikiria, msomaji, mbegu hizo zikiangukia ukingoni mwa mto Tarach, pale Kakuma, kisha mafuriko yaje!

Wala si hadithi ngeni. Mathenge ililetwa Bamburi, Mombasa, mwaka 1973, na katika miaka ya 1980 ikapandwa Turkana kwa sifa tele. Inasemekana jina hilo ni la ofisa aliyeieneza. Jina la namna hiyo lamtaja mletaji. Halisemi lolote juu ya meno ya mbuzi. Ndiyo maana nashikilia kwamba wagawao miche huku, wawe wa serikali au wa mashirika, wawaulize kwanza wenye mifugo.

Nilivaa glavu na miwani, nikaukata kabla maganda hayajapasuka, nikachimbua na mzizi, maana kisiki huchipua tena. Mabaki, pamoja na vile vipande sita, niliyazungushia miiba mbuzi wasiyafikie, hadi yalipokauka nikayachoma nikiwa upande utokako upepo. Kila baada ya mvua hukagua ua na kung'oa miche.

Rafiki yangu wa Kakuma alinung'unika kidogo. Nimempelekea mche wa edome.