Gita la Mtu wa Mashoto

Mimi ni mtu wa mashoto niliyejifunza gita kwa mkono wa kulia. Kwaya yetu Morogoro ilikuwa na gita moja tu, na mwalimu wetu hakutaka mjadala. Nilipolipakata kwa upande wangu alinigeuza. Akitoka, narudi upande wangu. Akirudi, ananigeuza tena, mpaka nikazoea. Nimepiga hivyo katika bendi za dansi kwa zaidi ya miaka thelathini. Vidole vyangu vya kushoto vinakimbia shingoni bila taabu, lakini mkono unaochapa nyuzi haujawahi kuwa wangu kabisa. Nikipewa solo nahangaika lakini nafika. Nikipewa ridhim, wimbo ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kuchezesha watu, na mpigaji akatakiwa kuchapa dakika nane bila kupunguza wala kuongeza mwendo, bega linakaza na mapigo yanaanza kuburuta. Mpiga tumba hunigeukia. Nalijua lile jicho.

Kwa hiyo binti wa dada yangu aliponijia na gita la umeme la mtumba, akaketi, akalipakata shingo ikielekea kulia kwake, sikumgusa.

"Mjomba, mbona nyuzi nene ziko chini?" akauliza.

"Kwa sababu aliyelitengeneza hakukufikiria wewe," nikamwambia. "Tutaligeuza gita, wewe baki hivyo hivyo."

Mtu wa kulia akipakata gita, uzi mnene kuliko wote, ule wa sita, unakuwa juu, upande wa kidevu chake, na ule mwembamba wa kwanza uko chini, upande wa paja. Ukilipindua gita, mpangilio nao unapinduka. Wapo waliolipiga vivyo hivyo wakafika mbali. Elizabeth Cotten, mama wa North Carolina kule Marekani, alianza utotoni kwa kuchukua banjo la kaka yake. Halikuwa lake, asingeweza kuzihamisha nyuzi, basi akalipiga juu chini. Baadaye kwenye gita dole gumba lake likawa ndilo linaloimbisha na vidole vingine ndivyo vinavyotembeza besi, kinyume cha wapigaji wengi. Mwaka 1985, akiwa ajuza, alipewa tuzo ya Grammy. Albert King naye alipiga blues hivyo hivyo. Nyuzi nyembamba zikiwa juu, yeye alizivuta kwenda chini wakati wenzake wanazisukuma kwenda juu.

Nawaheshimu, lakini sikutaka mpwa wangu afuate njia hiyo. Kila kodi atakayoonyeshwa na mwenzake ingembidi aipindue kichwani kwanza. Njia niliyoitaka ni ile ya Jimi Hendrix, mzaliwa wa Seattle, 1942. Alichukua gita la kulia aina ya Stratocaster, akalipindua, kisha akazifunga nyuzi upya ili ule mnene urudi juu. Tazama picha zake za tamasha la Woodstock la Agosti 1969: utaona gita jeupe, kichwa chake kimepinduka, vikazio vya nyuzi vinatazama sakafu.

Utauliza kwa nini nisimnunulie gita la kushoto. Wenye mashoto ni kama mtu mmoja katika kila kumi, na mwenye duka hapendi kuweka mzigo unaongoja mtu mmoja. Nimezunguka Kariakoo nikakuta moja, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hilo la mtumba.

Wengi wanadhani kugeuza gita ni kubadilisha nyuzi tu. Kazi yenyewe iko kwenye kipande kidogo, urefu wake karibu milimita 42, kilicholala pale shingo inapokutana na kichwa. Kina mifereji sita. Katika seti ya nyuzi za kawaida, uzi wa kwanza una unene wa milimita 0.25 na wa sita milimita 1.17. Ukibadilisha nyuzi bila kukigusa kipande hicho, uzi mwembamba utaingia kwenye mfereji mpana na kuchezacheza humo, na mnene utakaa juu ya mfereji mwembamba kama mtu mzima kwenye kiti cha mtoto.

Fundi ninayemwamini, mzee mmoja wa Temeke, alinituma buchani. Nilirudi na mfupa wa mguu wa ng'ombe. Tuliuchemsha, tukautoa uboho, tukaulaza kwenye maji ya sabuni mafuta yatoke, kisha tukauacha kivulini siku kadhaa ukauke. Akakata kipande kwa msumeno wa chuma, akakisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka kikawa bapa. Kukipima ndiko kulikochukua muda. Nafasi kati ya nyuzi hupimwa kutoka ukingo wa uzi hadi ukingo wa uzi wa pili. Ukipima katikati kwa katikati, nyuzi nene zitasongamana. Kila mfereji alianza kwa kuuchora na ncha ya kisu, akauchimba kwa tupa ndogo, na mifereji ya nyuzi nene akaimalizia kwa uzi wa zamani uliozungushiwa msasa. Sakafu ya mfereji inatakiwa ishuke kidogo kuelekea kichwani, uzi ushikwe pale pale unapoanza shingo. Ikishuka upande mwingine, uzi utalia kwa mkwaruzo.

Kipimo cha kina ni hiki: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), kisha chungulia juu ya freti ya kwanza. Lazima kuwe na upenyo wa unywele. Mfereji wa uzi wa tatu niliomba niuchimbe mwenyewe, nikapitiliza, na uzi ukawa unagonga freti. Mzee hakunigombeza. Alikusanya vumbi la mfupa kutoka mezani, akalijaza kwenye mfereji, akadondoshea tone la supagluu, na baada ya kukauka tukachimba upya. Mwisho akapaka unga wa penseli kwenye mifereji yote ili nyuzi ziteleze tunapozikaza.

Kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia upande wa chini, kuna vibebeo sita vya chuma, kila kimoja na skrubu yake. Uzi mnene huhitaji urefu wa ziada kidogo ili noti zikae sawa, kwa hiyo vibebeo vilikuwa vimepangwa kwa nyuzi za zamani. Tulizituni nyuzi zikiwa wazi, zikawa safi. Ukibonyeza freti ya kumi na mbili, noti inakwenda kombo. Noti hiyo ikizidi juu, kibebeo kinasogezwa nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kinasogezwa mbele. Programu ya kutunia kwenye simu na bisbisi vilitosha, pamoja na subira ya saa moja hivi.

Mengine ni mepesi. Kishikio cha mkanda kilihamia kwenye pembe ya pili ya mwili wa gita, skrubu ikapakwa sabuni isipasue mbao. Pembe hiyo ni fupi, kwa hiyo shingo huelemea chini. Mkanda mpana wa turubai, upande wa kukwaruza ukielekea begani, ulisaidia. Vitufe vya sauti sasa viko juu, chini ya kigasha cha mpigaji. Siku ya kwanza alijizimia sauti mara tatu katika wimbo mmoja, tukang'oa kifuniko cha plastiki cha kitufe kile na kuacha ekseli fupi ya chuma, na tatizo likaisha. Waya wa amplifaya anaupitisha kwanza kwenye mkanda ili usimsumbue mkono. Vile vidoto vya ubavuni mwa shingo vinavyoonyesha freti navyo vilibaki upande wa chini asikoona, basi tukamwekea vingine kwa rangi ya kucha.

Halafu kuna sauti. Kwenye gita la aina ya Stratocaster, kama hili letu, pikapu ya karibu na daraja, yaani ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, imewekwa mshazari. Ikipinduliwa, nyuzi nene zinanaswa karibu zaidi na daraja na kupata makali, na nyembamba zinanaswa mbali nalo kidogo, zinakuwa za duara, laini. Sikia Hendrix, utaitambua. Mimi nilishangaa kuisikia sebuleni kwa dada yangu.

Usijaribu haya kwa kila gita. Chagua lenye pembe mbili na daraja lenye vibebeo vya kusogezwa. Gita la pembe moja likipinduliwa, mkono hauzifikii freti za juu. Lile ambalo daraja lake limechimbiwa mshazari mwilini litakutaka uzibe matundu na kutoboa mengine. Gita kavu ni kazi kubwa zaidi: kibebeo chake ni kimoja, kimelazwa mshazari, na fito za ndani ya tumbo nazo zimepangwa kwa upande mmoja.

Juzi nilikwenda kumsikiliza. Alichapa ridhim ya wimbo mzima, bega limelegea, mkono wa kushoto ukipanda na kushuka kama wa mtu anayepepeta mchele. Nilimwekea kipande cha zamani cha mifereji kwenye mfuko wa begi la gita, kimefungwa kwa karatasi. Siku akilipokea mtu wa kulia, kulirudisha ni kazi ya nusu siku.